Ng'ombe Mmoja, Sufuria Moja

Mama mpendwa,

Shikamoo. Ujumbe wa Kaka Swaleh umefika, wa Dada Rispa nao ukaufuata kabla sijamaliza kuusoma. Kila mmoja anataka pesa za ng'ombe wake, wapishi wake, hema lake, na turubai ifungwe katikati ya boma la Baba, Waislamu huku, Wakristo kule. Harusi ni ya mtoto mmoja!

Nimeumia, Mama. Nimemkumbuka Baba, alfajiri ya Krismasi, akivuka mtaro kwenda kwa Baba Mkubwa Petro, kisu amekizungushia gazeti. Anamlaza ng'ombe kuelekea kibla, anasema Bismillahi, kisha anavutiwa kigoda apewe kipande cha kwanza cha ini la kuchoma. Petro hakukubali mwingine achinje, ili na sisi tule. Nani alibadili dini kwa sababu ya ini lile?

Kaka asome tena Suratul Maida, aya ya 5: chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwetu, na chetu ni halali kwao. Dada naye, anayeiita nyama yetu sadaka ya sanamu, afungue Warumi 14 aone Paulo anavyowakanya wanaohukumiana kwa ajili ya chakula. Ukali huu wameutoa wapi, nao ni watoto wa Mumias? Mifupa ya Askofu Hannington, mmisionari Mwanglikana aliyeuawa Busoga, ilitunzwa hapo kwetu mpaka 1892 ilipopelekwa Namirembe, Kampala, enzi za Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, na Nabongo huyo huyo baadaye akasilimu.

Mimi ni mzima, baridi nimeizoea. Tangu mwezi jana mimi ndiye msimamizi wa zamu ya usiku wodini, wauguzi tisa wako chini yangu. Waambie wote, hata wale waliosema nitarudi mikono mitupu. Idd iliyopita dada mmoja Mnigeria, mlokole kabisa, alinishikia zamu. Krismasi nikamshikia yake. Saa nane za usiku lile ini likanijia, machozi yakanitoka nikiwa nampima mgonjwa presha.

Pesa nimekutumia wewe kwa M-Pesa, si wao. Ni za ng'ombe mmoja. Kaka achinje, Dada ashike jiko, na turubai isionekane hapo. Kisu cha Baba kiko juu ya kabati lako, nyuma ya msahafu, kinolewe mapema. Mwambie Baba Mkubwa nitampigia Jumapili akitoka misa, na kigoda kile atakalia yeye.

Mwanao,
Leicester, Uingereza