Baba, sihami chuo

Mama shikamoo, Baba shikamoo, bibi shikamoo mara mbili maana ya kwanza najua hukuisikia. Dada na wadogo zangu mambo vipi. Nimeamua kuandika badala ya kutuma sauti kwa sababu kwenye sauti Baba anaanza kujibu kabla mi sijafika hata nusu, alafu mwisho mnabishana nyie wenyewe kwa wenyewe na mimi nimesahaulika. Hii dada asome pale barazani baada ya kula usiku. Ila kuna kipande nitasema kisisomwe mbele ya bibi, uwe makini usiteleze.

Nimepata swali la Baba. Kwamba shemeji kamwambia huku Ujerumani kuna vyuo vikubwa vya maana vina maelfu kwa maelfu ya wanafunzi na kompyuta za kila aina, sasa mimi nimejibanza kwenye kichuo kidogo nachonga magogo, kwa nini nisihame nikasome kitu chenye ajira. Swali ni la haki na sijakasirika. Mwambieni shemeji sijakasirika (nimekasirika kidogo). Jibu nalitanguliza kabisa ili msisome kwa wasiwasi: sihami.

Tuanze na hela maana najua ndo mnapoanzia. Ada ya masomo hapa hakuna, tunalipa mchango wa muhula tu. Wenzangu wasio na ufadhili ili wapate viza wanatakiwa kuonyesha euro 11,904 za mwaka kwenye akaunti iliyofungwa, wanachukua 992 kila mwezi, hawawezi kuzidisha. Mimi ufadhili unanibeba, lakini ule ufadhili umeandikwa chuo hiki na fani hii, nikihama unabaki hapa mi naondoka na begi langu. Shemeji hilo hakulisema. Vibarua mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa siku 140 nzima kwa mwaka au nusu siku 280, na mshahara wa chini kisheria mwaka 2025 ulikuwa euro 12.82 kwa saa, mi wikiendi nafanya usafi kwenye duka la mikate na mkate unaobaki jioni wananipa. Kwa hiyo sifi njaa, Mama acha kuuliza. Mkate wa huku ni mgumu na mchachu lakini unazoea, nisichozoea ni kukosa ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu.

Haya sasa chuo chenyewe. Kinaitwa Burg Giebichenstein, kiko Halle, mji wa mashariki huku, mji aliozaliwa yule mwanamuziki Händel mwaka 1685, sanamu yake iko katikati ya soko. Chuo sisi tunakiita Burg tu, na kweli ni boma, tunachongea ndani ya ngome ya zamani kando ya mto Saale. Kilianza 1915. Mwaka 1925 alikuja kufundisha mchongaji mmoja, Gerhard Marcks, alitokea Bauhaus, ile shule iliyoanzia Weimar 1919 ambayo ukisoma sanaa popote duniani lazima utaisikia, akafundisha hapa mpaka 1933 Wanazi waliposhika nchi wakamtoa kazini. Nikivuka daraja la karibu na chuo kuna ng'ombe na farasi wakubwa kweli kweli, yeye ndo aliwafanya. Nawapita na baridi yangu na kofia yangu, yule ng'ombe kakaa kama ng'ombe wa kwetu tu, hana habari na mtu.

Wanafunzi tupo kama elfu moja na kidogo chuo kizima, darasa letu la uchongaji tunajaa kwenye chumba kimoja. Hapo ndo shemeji anaona udogo ni kasoro. Aisee mimi mwanzo niliona kero, sio kasoro, kero, kwa sababu hakuna pa kujificha. Kwenye chuo kikubwa unaweza kukaa nyuma muhula mzima profesa asijue hata jina lako. Hapa nikikohoa asubuhi, mchana mpishi wa kantini ananiuliza kifua kinaendeleaje. Usipokuja siku moja mtu anagonga mlango wako. Meza yako iko pale, kila anayepita anaona umefanya nini na hujafanya nini, na profesa anakuja anasimama anaangalia weee, haongei, alafu anauliza kwa nini. Kwa nini hapa umekata, kwa nini umeacha huku, kwa nini kubwa hivi. Wiki za kwanza nilikuwa najibu "nimeona inapendeza", anatingisha kichwa anaondoka. Sio kwa ubaya. Anarudi kesho yake anauliza tena lile lile.

Ila na mimi nina funguo ya karakana, naingia hata saa sita usiku nikitaka, taa nawasha mwenyewe. Mashine tu ndo haziguswi mpaka fundi awepo.

Dada, hiki ndo kipande cha bibi. Mpelekee maji au muulize habari za kuku.

Mwaka wa kwanza kuna somo la kuchora mtu, na huyo mtu anakaa uchi. Mama tulia. Siku ya kwanza nilidhani watamvalisha hata kaptula. Akaja mzee wa makamo, mpole tu, ana tumbo, kavaa kanzu ya kuogea, akaivua akaitundika kwenye msumari, akapanda kwenye kijukwaa akasimama mkono kiunoni. Mimi macho nikayatia kwenye karatasi, nikachora mguu. Mguu mmoja tu, kuanzia goti kushuka, saa nzima. Saa ya mapumziko ikilia mzee anavaa kanzu yake anakunywa chai na sisi anatusimulia bustani yake ya nyanya, alafu saa ikilia tena anavua anarudi juu. Baada ya muda unajikuta huoni tena uchi, unaona uzito umelalia mguu wa kushoto, bega moja limeshuka, tumbo linavuta mgongo. Nyie mnajua mimi nilivyo na aibu, nimelelewa Mikindani, lakini nasema ukweli hilo somo ndo limenifundisha kuona kuliko yote. Bas, bibi anaweza kurudi.

Sasa nifike kwenye kuchonga, na hapa mjomba naomba aitwe asikilize.

Watu wakisikia natoka Mtwara na Mama ni wa Newala wanasema ah Mmakonde, na wanajua vinyago kumbe, mtindo wa ujamaa wanaujua, mtindo wa shetani wanaujua, profesa ana picha kabisa. Wakategemea mi nitakaa nitoe ujamaa, watu wamepandana mpaka juu. Ukweli ni kwamba mjomba hajawahi kunipa patasi hata siku moja. Tangu aliporudi kutoka Mwenge, kule kwa wachongaji wa Dar, akafungua kile kibanda Chikongola, mi kazi yangu ilikuwa msasa. Wanawake hawachongi, wanapiga msasa, ndo alivyosema, na mi nikapiga msasa likizo zote, ule mkali kwanza, alafu wa kati, alafu ule laini, mwisho kiwi na kitambaa mpaka mpingo unang'aa. Binamu zangu wa kiume wakachonga, mi vumbi jeusi puani.

Nikamweleza profesa hivyo hivyo. Akacheka kidogo alafu akanyamaza, akasema basi usichonge ujamaa, fanya kitu unachokijua mwenyewe. Nikakaa na hilo neno muda mrefu aisee, nilimchukia. Mwisho nikachukua kipande cha mti laini mweupe wa huku, sikukichonga sura wala mtu, nikakitoa umbo kama la bega hivi au jiwe la pwani, nikakipiga msasa. Nikakipiga msasa mpaka wenzangu wakaanza kunionea huruma. Siku ya kukosoana, ambapo kazi inawekwa katikati na wote tunaizunguka, mwenye kazi haruhusiwi kuongea mwanzoni, watu wakaangalia, alafu mmoja akanyoosha mkono akaishika, akamfuata mwingine, wakawa wanaipapasa tu. Profesa akasema hapa kuna mtu amefanya kazi miaka mingi. Hiyo miaka ni ya kibanda cha mjomba. Mjomba sijui nikushukuru au nikugombeze.

Na kingine, kuhusu huo huo umakonde wetu. Leipzig iko karibu, nusu saa na dakika chache kwa treni, na kule zamani kulikuwa na mkuu wa makumbusho anaitwa Karl Weule, ambaye mwaka 1906, Majimaji bado haijaisha vizuri, alishuka Lindi akapanda Masasi mpaka Newala, akakusanya vinyago vya ngoma na vyombo na vitu kibao akavileta Leipzig. Vingine viliungua vita ya pili mabomu yalipoanguka Desemba 1943. Alipiga na picha nyingi, maktaba yetu ina kitabu. Bibi, nimeona wanawake wa Newala wana ndonya, kile kisahani cha mti, mdomoni, wamesimama mbele ya nyumba, mmoja kamkazia macho mpiga picha kwa namna ambayo nimewahi kuiona kwako siku ile ya yule muuza samaki. Chini ya zile picha hakuna jina la hata mmoja wao. Nataka nifanye kazi juu ya wale wanawake, mbao na msasa tu, sijajua bado itakuwaje, na hii ndo naomba bibi unisaidie: niambie mama yako alikuwa na ndonya ya ukubwa gani, ilikuwa ya mti gani, alikuwa anaitoa akila au la, na nani alikuwa anaichonga. Usiseme umesahau. Dada amrekodi. Mambo hayo profesa wangu hana, wala kile chuo kikubwa cha shemeji hakina.

(Mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria, nilishamwona Berlin, ile picha yangu nimesimama chini ya miguu yake nimetuma, msinitume tena.)

Baba, kuhusu ajira sitakudanganya. Hapa wanaomaliza sio wote wanaishi kwa kuuza kazi zao, wengi hawaishi hivyo. Kuna anayetengeneza majukwaa ya tamthilia, kuna anayefundisha shule, kuna anayekarabati sanamu za kanisani, na kuna anayepika kahawa mchana anachonga usiku. Mi nimeshaanza kushika shika kazi za ukarabati na fundi wa mbao wa hapa, na mbao ni mbao, hata nikirudi Mtwara milango ya Mikindani inaoza kila mwaka na hakuna anayejua kuitengeneza vizuri. Nikihamia kompyuta nitakuwa wa mwisho darasani na nitakuwa nimenuna, we unanijua.

Huyo fundi lazima niwaambie. Mtu mkubwa, masharubu, kakataza glavu kwenye mashine ya kukereza maana ikinasa glavu inaondoka na mkono, nywele zifungwe, viatu vya chuma mbele. Siku moja nimechoka kusimama kwenye meza ya jiliwa, nikakaa chini sakafuni kama mjomba anavyokaa, miguu peku, mti nimeubana kwa nyayo, naanza kugonga. Yule baba aliingia akapiga kelele mpaka mi mwenyewe nikaruka. Bima, bima, bima, ndo neno nililolisikia. Nikamwonyesha vidio ya mjomba ile dada aliyopiga sikukuu, anachonga na tezo kati ya vidole vya miguu yake mwenyewe anaongea na simu. Akaiangalia mara ya pili, mara ya tatu. Mwisho tukakubaliana: nakaa chini, ila na mabuti. Sasa nachonga nimekaa sakafuni na mabuti ya chuma kama mchimba madini wa Mererani, na wanafunzi wengine wawili wameshaanza kukaa chini na wao.

Shida ni tezo. Za huku zipo lakini mpini ni mrefu na zinapiga kwa pembe nyingine kabisa, mkono unachoka haraka. Fundi kasema watu wa karakana ya chuma wanaweza kunifulia moja sawa na ya mjomba wakipata vipimo. Kwa hiyo naomba: urefu wa mpini, upana wa kichwa, kile kipinda cha jino kimeinama kiasi gani, na picha ya ubavuni imewekwa rula pembeni. Na uzito, mizani ya korosho itatosha. Mnada wa kwanza umeendaje by the way, bei imesimama au tena mnalia?

Mjomba akisema wanawake hawashiki tezo, dada usibishane naye. Subiri aende kwenye kahawa yake jioni, ingia kibandani upime.