MALALAMIKO: Mmefuta kazi zangu na ufunguo mlikuwa nao nyie wenyewe

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Habari za kazi. Naomba hii barua uisome mwenyewe mpaka mwisho, usimrushie kijana wa sapoti aijibu kwa yale majibu yenu ya kukopi na kupesti, maana watu wa sapoti ni sehemu ya tatizo. Nitajitahidi kuandika kwa heshima. Ila nina hasira na sioni sababu ya kuificha. Nilileta kompyuta yangu kwenye karakana yenu ipandishwe kutoka Windows 10 kwenda Windows 11, mkaishia kufuta kazi zangu.

Sera zenu mnazijua, sitawasomea. Fomu ya kupokelea kompyuta mmeitunga nyie, kile kipengele cha data ya mteja kubaki kama ilivyo mmekiandika nyie, mimi nimeweka tiki pale na fundi wenu akasaini chini yake. Nakala ninayo.

Kazi yangu ni kuchapa mahojiano. Mtafiti ananitumia sauti, nasikiliza, naandika neno kwa neno. Kwenye ile mashine kulikuwa na sauti za watu waliokubali kuongea kwa sharti kwamba majina yao hayatoki nje, pamoja na maandishi yake, mengine yamebakiza kurasa chache tu kuisha. Kazi za zamani nimezihifadhi pembeni, hizo ziko salama. Mlichofuta ni kile kilichokuwa mkononi, kile ambacho mtu alikuwa anakisubiri.

Na ni nyie mlioniita. Mlituma meseji, tena sio moja, kwamba Windows 10 inakufa tarehe 14 Oktoba 2025 na nisipoleta kompyuta mapema "haitatumika tena". Hiyo sio kweli na watu wa kazi hii kama nyie mlijua sio kweli. Kilichoisha tarehe ile ni masasisho ya bure ya usalama, mashine yenyewe inaendelea kuwaka na kufanya kazi, na hata hayo masasisho kulikuwa na mpango wa kujiandikisha ukaendelea kuyapata mpaka Oktoba 2026. Mbona hilo halikuwemo kwenye meseji? Ningepata nafasi ya kumaliza kazi za watu kwanza ndio nilete mashine kwa utulivu. Mkachagua kututisha, na mimi kwa sababu sikutaka siri za watu zikae kwenye mashine isiyo na ulinzi, nikaja.

Kuhamia Windows 11 kwenyewe sina ugomvi nako. Mashine ilikuwa inakidhi vigezo, prosesa ya Intel ya kizazi cha nane, RAM ya kutosha, chipu ya usalama ya TPM 2.0 ilikuwemo ila imezimwa kwenye BIOS, ile programu ya ndani inayoiwasha mashine kabla ya Windows, na fundi akaiwasha. Sawa kabisa. Shida ni alichofanya baada ya hapo. Mimi nilikuwa natumia akaunti ya humo humo kwenye kompyuta, isiyohusiana na intaneti, na nilifanya hivyo kwa makusudi kwa sababu ya aina ya kazi yangu. Fundi wenu bila kunipigia simu, bila kuuliza, akaingiza akaunti ya Microsoft ya karakana yenu ili amalize haraka. Nilivyoichukua na kuiwasha nikaona jina linalonikaribisha sio langu, ni la kampuni yenu. Nikauliza siku ile ile. Nikajibiwa "hilo ni jina tu dada, halina madhara, ukipata muda utabadilisha". Nikaomba walitoe pale pale, wakasema mfumo bado unamalizia masasisho nisiguse kitu.

Halina madhara! Ngoja niwaambie madhara yake, japo nyie ndio mafundi. Ile akaunti ilivyoingia, diski yangu ikafungwa na BitLocker, kile kifungio cha Windows kinachofanya diski isisomeke bila ufunguo, na ule ufunguo wa kuifungulia, wa tarakimu 48, ukaenda kuhifadhiwa kwenye akaunti iliyoingia. Yani yenu. Ni sawa na mtu akubadilishie kitasa cha nyumba yako, ufunguo aweke mfukoni kwake, alafu siku mlango umegoma akuulize wewe ufunguo uko wapi.

Na ndicho mlichoniuliza.

Sapoti yenu walinielekeza kwa simu niweke sasisho la BIOS kwa sababu kanyagio langu la mguu, lile la kusimamishia na kurudisha sauti wakati nachapa, lilikuwa halisomwi tangu mashine itoke kwenu. Mtu yeyote anayejua BitLocker anajua ukigusa BIOS unaisimamisha kwanza, la sivyo mashine ikiwaka inaweza kudai ufunguo. Hakuniambia. Nikaweka kama nilivyoelekezwa, ikazima, ikawaka, skrini ya bluu, kibox cha kuandika tarakimu 48. Nikapiga simu tena nikaambiwa "ufunguo ni mali ya mteja, angalia kwenye akaunti yako". Akaunti gani? Nikaambiwa leta ofisini.

Sasa hapa kwenye kaunta yenu naomba msome taratibu.

Ile skrini ya bluu, kwenye toleo mliloniwekea, inaonyesha dokezo la akaunti ambayo ufunguo umehifadhiwa. Herufi za mwanzo za barua pepe zilikuwa pale zinasomeka. Zilikuwa herufi za barua pepe ya karakana yenu. Nilimuonyesha fundi kwa kidole, nikagusa kabisa kioo, nikamwambia kaka ufunguo uko kwenye akaunti yenu, ingia kwenye kompyuta yako hapo hapo uuchukue. Hakujibu. Akachomeka flashi. Nikamuuliza unafanya nini, akasema "dada niache nifanye kazi yangu". Nikaona anaenda kwenye sehemu ya kusafisha diski na kuweka upya, nikamwambia simama, usibonyeze, kuna mafaili ya watu humo. Akabonyeza. Mbele yangu. Alafu akageuka ndio ananiuliza, "kwani hukuwa na bekapu?"

Ufunguo ulikuwa dakika mbili tu kuupata. Alichotakiwa ni kufungua akaunti ya ofisi yake, kulinganisha ile namba ya utambulisho iliyoandikwa kwenye skrini, asome tarakimu, mimi niandike. Mashine ingefunguka na kila kitu kingekuwepo.

Nimeruka kitu, nirudi nyuma kidogo. Kabla ya haya yote, wiki ile ile niliyochukua kompyuta, niliwapigia nikaomba mnirudishe Windows 10. Printa ilikuwa haichapi, kanyagio halisomwi, na kila nikiwasha naletewa ujumbe OneDrive, hifadhi ya mafaili ya Microsoft ya mtandaoni, imejaa wakati mimi sijawahi kuwa na OneDrive maishani mwangu. Windows 11 inatoa siku 10 za kurudi ulikotoka ukiwa umepandisha, baada ya hapo folda ya mfumo wa zamani inafutwa na njia inafungwa. Nilikuwa ndani ya hizo siku. Sapoti wakasema "vumilia kuna sasisho linakuja litatatua". Nikapiga tena, mtu mwingine, jibu lile lile. Zikapita. Sasa nikikumbuka naona kama mlikuwa mnasubiri zipite, na kama sio hivyo basi mnionyeshe ni sasisho gani hilo lililokuwa linakuja.

Na huo ujumbe wa OneDrive kujaa, mmewahi kujiuliza ulitoka wapi? Ulikuwa wa akaunti yenu. Mafaili yangu ya Dokumenti na ya Deskitopu yalikuwa yanapanda kwenye wingu la karakana yenu, mpaka zile GB 5 za bure zikajaa. Yani mahojiano ya watu walioahidiwa siri yalikuwa yanakaa kwenye akaunti ambayo sijui ni mafundi wangapi wana paswedi yake. Nilivyolijua hili sikulala. Nilimpigia mtafiti kumweleza, alikaa kimya muda mrefu kwenye simu, na siwezi kumlaumu.

Sasa mahitaji yangu.

Kwanza, fungueni hiyo OneDrive leo. Sio kesho. Chochote kilichopanda kutoka kwenye kompyuta yangu mnipe mimi, na mkikuta mtu wenu alishafuta, nendeni kwenye kapu la takataka la hiyo OneDrive, maana kwa akaunti za kawaida vitu vinakaa humo siku 30 kisha vinaondoka moja kwa moja. Kila siku mnayoniambia "tunalifanyia kazi" ni siku inayokatwa kwenye hizo 30. Hii nimeshawaeleza kwa simu, nikaambiwa nitume barua pepe, nimetuma, nikapewa namba ya tiketi.

Pili, mkishanipa, mfute kwenu kila nakala na mniandikie kwamba mmefuta, na mniandikie nani alikuwa na uwezo wa kuingia kwenye akaunti hiyo katika muda wote huo.

Tatu, mrudishe hela yote niliyolipia kazi ile. Nilitaka kuishia hapo kwa kweli, na msamaha. Barua ya kwanza niliyotuma niliomba tu mniombe msamaha na mnipe mafaili. Ila mmenijibu nini? Mmenijibu kwamba "kwa mujibu wa rekodi zetu mteja aliridhia kifaa kuwekwa upya".

Niliridhia?

Basi turudi kaunta, kwa sababu naona huyo aliyeandika hayo hakuwepo. Mimi nilikuwa nimesimama, fundi amekaa. Nyuma yangu kulikuwa na wateja wengine na wote walisikia. Nilisema simama. Nikasema tena kwa sauti ya juu zaidi, usibonyeze, na nikanyoosha mkono kuivuta kompyuta, akaisogeza upande wake. Akaisogeza! Kompyuta yangu mimi. Kwenye skrini kulikuwa na chaguo la kubakiza mafaili na chaguo la kuondoa kila kitu, na kile cha kubakiza mafaili bila ufunguo hakiwezekani, kwa hiyo alijua kabisa anachokichagua ni kipi. Akachagua. Namba ya asilimia ikaanza kupanda, nikamuomba azime, akasema ukizima katikati utaiua kabisa. Ndio nikabaki nimesimama naangalia asilimia zinapanda na najua kila zinavyopanda ni nini kinaondoka. Msimamizi wa zamu alikuwa pale pale nyuma ya kioo, nikamwita, akaniashiria kwa mkono nisubiri, anaongea na simu. Alipomaliza simu na kazi ilishaisha. Akaniambia "si mashine inawaka sasa?"

Hayo ndio mnayaita kuridhia. Mna kamera juu ya ile kaunta, nimeiona, inaangalia chini moja kwa moja. Itazameni. Na naomba isifutwe, nimewaomba hivyo kwa maandishi na narudia hapa kwa maandishi, kwa sababu ikija kusemekana kamera imerekodi juu ya picha za siku ile nitajua maana yake.

Nimeipeleka ile diski kwa mtu anayerudisha data. Amenieleza kwamba diski ya aina ya SSD kama yangu iliyokuwa imefungwa na BitLocker, ikishafutwa na kuwekwa mfumo mpya, hata ule ufunguo wa tarakimu 48 mkinipa leo hauna tena cha kufungua. Kwa hiyo kilichokuwa kwenye diski na hakikupanda OneDrive kimeondoka jumla. Sauti nyingi ni kubwa, GB 5 zisingetosha. Mtafiti ana nakala za baadhi ya sauti, maandishi yangu hana. Masaa niliyokaa na spika masikioni narudisha sentensi moja mara kibao ili nisimkosee mtu maneno yake, hayo hakuna mtu wa kunirudishia.

Kwa hiyo kurudisha hela ya kupandisha mfumo peke yake sikubali tena. Nataka mlipe gharama ya kazi yote ya kuchapa iliyopotea kwa kiwango kilichopo kwenye mkataba wangu na mtafiti, ambao nimeambatanisha, na mlipe gharama ya yule mtu wa kurudisha data, risiti yake pia nimeambatanisha. Nataka maelezo ya maandishi ya yule fundi na ya msimamizi wa zamu, kila mmoja kivyake. Na nataka muwatafute wateja wenu wengine wote mliowapandishia mfumo kwa akaunti ya karakana, muwaambie ukweli kwamba ufunguo wa diski zao uko kwenu, muwape kabla nao hawajaamka asubuhi wakakuta skrini ya bluu. Hawa hawajui. Mnawaacha wanatembea na mashine ambazo sasisho moja tu la BIOS linaweza kuwafungia nje, na mkiendelea kunyamaza nitawatafuta mimi kwa njia zangu na nitawaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kuangalia.

Mnazo siku 14 kuanzia mtakapopokea barua hii kwa hayo ya malipo. Kwa la OneDrive hamna siku 14, ni leo. Nikiona kimya, au nikijibiwa tena na namba ya tiketi, nakala ya barua hii pamoja na fomu yenu iliyosainiwa na picha ya ile skrini ya bluu yenye barua pepe yenu, maana niliipiga kabla sijaja, zinaenda kwa mwanasheria na kwa mamlaka inayosimamia ulinzi wa taarifa binafsi. Mwanasheria nimeshaongea naye, ameshaiona picha.

Msinipigie simu. Kila mlichoniambia kwa simu mmekikana. Nataka jibu la maandishi, lenye jina na saini ya mtu anayewajibika.

Mteja wenu,
jina langu na namba ya kazi mnazo kwenye fomu.