Wanafunzi wa SIG washuke mitaani

Bwana Mhariri,

Mimi nilisoma jiografia hapa Bukavu, na inanifurahisha kuona vijana wakichagua SIG, yaani mfumo wa taarifa za kijiografia, kazi ya kuchora na kuchambua ramani kwa kompyuta. Ila wengi wanafundishwa nusu. Muhula unakwisha, mwanafunzi anajua kupaka ramani rangi kwenye kompyuta, lakini mteremko anaouchora hajaukanyaga.

Chukua data za miinuko wanazozitumia sana, zilizopimwa na chombo cha anga cha Marekani Februari 2000. Piseli moja, yaani kitone kimoja cha picha, ni mita 30 kwa 30 za ardhi. Nenda Kadutu, hapa mjini Bukavu, uone nyumba zilivyobanana katika eneo kama hilo: ngazi za udongo, ukuta wa mawe, mtaro uliozibwa na takataka, na korongo jembamba linalokula parseli ya mtu kila mvua inaponyesha. Kwenye kompyuta, vyote hivyo ni mraba mmoja wenye rangi moja. Kijana asiyeshuka na GPS, akawauliza wenye nyumba maji yanapita wapi, ataandika "hatari ya wastani" pale ambapo watu hawapati usingizi mvua ikinyesha usiku.

Wala tusisingizie programu. QGIS, programu ya kuchorea ramani, ni ya bure, picha za setilaiti za Landsat ni za bure tangu 2008, na za Sentinel-2, zenye piseli za mita 10, pia ni za bure. Kinachogharimu ni siku za kwenda uwanjani.

Mei 2023 maji na mawe viliua watu zaidi ya 400 kule Kalehe, katika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Vijiji hivyo viko kando ya Ziwa Kivu, chini ya milima, mahali mito inapomwaga mzigo wake. Hilo linasomeka hata kwenye picha ya bure, kama aliyeishika amefundishwa kulitafuta.

Halafu kuna kazi za kumaliza masomo. Zikishapata alama zinafungiwa kabatini, data zinaondoka na kompyuta ya mwenyewe, na anayefuata anaanza upya mtaa uleule. Kila idara ihifadhi data hizo, barabara na mitaro viingizwe OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni, na shefu wa mtaa apewe ramani ya karatasi ya kubandika ofisini kwake. Mvua zinarudi Septemba. Naomba wakuu wa idara wawapeleke wanafunzi Kadutu na Bagira kabla ya hapo.

Msomaji wenu, Bukavu