Umeuza simu, meseji imeingia, pesa haipo

Jumamosi iliyopita kijana mmoja aliingia dukani kwetu hapa Kariakoo na boksi la Samsung mkononi, tupu. Simu yenyewe alishaiuza laki nne na nusu kwa mtu waliyekutana kituo cha daladala. Meseji ya malipo anayo, ila kila akienda kutoa, wakala anamwambia salio halitoshi.

Tuliisoma. Jina la mtumaji lipo, namba ya muamala ipo, kiasi na saa vimekaa sawa. Ila imetoka kwenye namba ya kawaida na imejitenga, haikuingia pale zinapokaa meseji zake zote za M-Pesa. Halafu mwishoni inasema salio lake jipya ni 450,000 kamili, wakati asubuhi alikuwa na elfu kumi na mbili na ushee. Hata ukikuta na jina lako humo, tapeli analipata kirahisi, maana mtu akianza kukutumia pesa linatokea kabla hajathibitisha. Salio lako halijui, kwa hiyo hapo anabahatisha.

Basi meseji iache, angalia salio. Piga *150*00# kwa M-Pesa au *150*60# kwa Airtel Money, weka namba ya siri, ujionee mwenyewe. Mnunuzi akisema mtandao unasumbua, itaingia tu, mwambie mtaisubiri wote. Na wengi mnakuja kuuza simu huku laini ya kupokelea pesa imo humo humo! Njoo na kiswaswadu, kisimu kidogo cha vitufe, hamishia laini kabla hamjaanza kupatana bei. iPhone ndiyo kabisa: usiiondoe akaunti yako ya iCloud kwenye simu mpaka pesa uwe umeiona.

Kuna la pili ambalo watu hawalifikirii. Pesa inaweza kuingia kweli, salio likapanda, mkaagana kwa furaha, kisha jamaa akapiga huduma kwa wateja kudai amekosea namba. Mtandao unaweza kuzuia kiasi kilichobaki kwenye akaunti yako hadi suala lichunguzwe, na wewe simu umeshatoa. Ndiyo maana tunashauri muuziane karibu na wakala, utoe hapo hapo mnunuzi akiwa amesimama. Makato mpatane mapema: "nitumie na ya kutolea." Anayenunua kwa nia njema hagombani kwa hilo.

Njia tunayoipenda sisi ni nyingine kidogo. Mnunuzi anampa wakala taslimu, wakala anakuwekea kwenye laini yako. Noti anazikagua mtu anayezishika kutwa nzima, na mnunuzi hana muamala wa kwenda kuulalamikia, kwa sababu aliyetuma si yeye.

Ukipokea taslimu mwenyewe, usihesabie gizani wala ndani ya gari la mtu. Noti ya 10,000 inyanyue kwenye mwanga utafute sura ya Mwalimu Nyerere ndani ya karatasi, na fanya hivyo kwa kila noti, maana bandia hupenda kujificha katikati ya bunda. Hundi kwa simu ya mtumba? Hapana.

Kwa wanaouziana wenyewe, meza yetu ya mbele mnaruhusiwa kuitumia bure, hata kama hamjanunua kitu kwetu. Wakala yuko mlango wa pili. Tunawaandikia karatasi ya mauziano: majina, namba za NIDA, bei, na IMEI, yaani namba ya kuitambulisha simu, mnayoipata kwa kupiga *#06#. Kila mmoja anasaini na kuondoka na nakala yake. Mnunuzi naye inamfaa, maana siku akiulizwa simu kaitoa wapi, ana cha kuonyesha.

Yule kijana tulimwonyesha jinsi ya kuripoti ile namba kwa kutuma meseji kwenda 15040, tukamwelekeza kituo cha polisi akachukue RB, namba ya taarifa aliyofungua polisi. Kwa bahati boksi alikuwa bado nalo, na IMEI imebandikwa ubavuni.