Fungua magurudumu kabla ya Brands Hatch

Northampton,
Jumapili, 12 Aprili 2026

Kwa ndugu yangu Juma,

Assalaam alaykum. Natumaini wewe na jamaa wote mko salama. Sisi huku hatujambo, na watoto wanakusalimu. Barua yako niliipata Alhamisi, nikafurahi kusikia kwamba umekwisha kulipia siku yako ya kwanza ya kuendesha gari lako katika uwanja wa mbio wa Brands Hatch mwezi ujao, na kwamba ile Honda Civic imepakwa rangi upya. Umeniuliza kama ni lazima ununue kalipa kubwa zaidi, yaani vile vifaa vinavyozibana diski za breki, kwa ajili ya siku hiyo. Jibu langu ni hapana. Fedha hizo zihifadhi, na badala yake utenge Jumamosi moja nzima, angalau majuma mawili kabla ya safari, ufungue magurudumu yote manne na kukagua kilichomo kwa macho na kwa vidole. Nasema majuma mawili kwa sababu kasoro ikigunduliwa usiku wa kuamkia safari hakuna duka la vipuri lililo wazi, na mtu aliyekwisha kulipa hujishawishi upesi kwamba kasoro ile si kitu.

Mimi mwenyewe nilijishawishi hivyo. Miaka minne iliyopita nilichuchumaa kando ya gari langu, nikamulika tochi kati ya vyuma vya rimu, nikaiona pedi ya nje ya breki, ile inayosuguana na diski, ikiwa bado na unene wa kama milimita saba, nikaridhika. Nilipoingia uwanjani mara ya tatu siku ile nilisikia mkwaruzo wa chuma, na nilipokuwa napanda kuelekea kona ya Druids kanyagio la breki likashuka chini kuliko kawaida yake. Nilirudi maegeshoni polepole, nikafungua gurudumu la mbele la kushoto, nikakuta pedi ya ndani imekwisha kabisa, bamba la chuma linasaga diski, na diski yenyewe imechimbika mifereji ambayo ungeweza kuihesabu kwa ukucha. Ya nje, ile niliyoimulika tochi, ilikuwa nzima.

Sababu yake ni rahisi kuielewa ukikumbuka jinsi kalipa za Civic yako zinavyofanya kazi. Pistoni ipo upande wa ndani peke yake. Hiyo huisukuma pedi ya ndani, kisha kalipa nzima huteleza juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya nje ije kuibana diski upande wa pili. Pini zikishikwa na kutu kalipa haitelezi tena, na mzigo wote huiangukia pedi ya ndani, ambayo huwezi kuiona bila kufungua gurudumu. Kwa hiyo zichomoe pini zote mbili, zisafishe mpaka chuma king'ae, zipake grisi ya silikoni isiyodhuru mpira, na uziangalie zile kava ndogo za mpira kama zimepasuka, kwa kuwa maji hupitia hapo. Pini ikirudi mahali pake isogee kwa kusukumwa na kidole gumba. Ikihitaji nyundo, nunua nyingine.

Pengine utasema kwamba kila siku unakwenda kazini na kurudi na breki hazijakusumbua. Barabarani breki hupumzika. Kilo 1,100 za gari lako zikienda kilomita 160 kwa saa hubeba nishati mara nne ya ile zinayobeba kwenye kilomita 80, na sehemu kubwa ya nishati hiyo lazima igeuke kuwa joto ndani ya diski kila unapofunga breki kwa kona kali. Mzunguko mfupi wa Brands Hatch haufiki hata kilomita mbili: unateremka Paddock Hill, unapanda, unafunga tena breki kwa Druids, na kabla diski hazijapoa umekwisha kurudi pale pale. Ndiyo maana pedi iliyobaki nusu ya unene wake, ambayo barabarani ingekufaa miezi mingi, mimi siiingizi uwanjani; ikiwa nyembamba hupitisha joto zaidi kwenda kwenye pistoni na kwenye mafuta ya breki.

Hayo mafuta ndiyo ningekuomba uyabadilishe hata kama mengine yote utayapuuza. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na kiwango kinachotakiwa yakishalowa ni nyuzi 155 tu. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanwa kama upepo ndani ya puto, hivyo kanyagio hushuka mpaka sakafuni na gari halisimami. Usiridhike na kutoa upepo peke yake: yasukume mafuta ya zamani yatoke yote kwenye magurudumu manne, kwa mpangilio ulioandikwa katika kitabu cha gari, mpaka kwenye mpira wa kutolea uone rangi ya mafuta mapya. Mtu mmoja akanyage, wewe ufungue na kufunga nipeli, ile skrubu ndogo ya kutolea mafuta kwenye kalipa, na kila baada ya mikanyago michache uongeze mafuta juu, maana chombo kikikauka utaingiza upepo na kuanza upya. DOT 5, ambayo ni ya silikoni, usiichanganye kabisa na hii.

Diski nayo ina unene wa mwisho ulioandikwa juu yake kwa kugongwa, mara nyingi kwenye ukingo au karibu na kitovu; pangusa kutu utausoma. Pima pale pedi inapogusa, usipime kwenye ukingo, kwa sababu ukingo haulikwi na utakudanganya. Vijiufa vyembamba kama nywele juu ya uso wake ni alama za joto za kawaida, lakini ufa ambao ukucha unanasa ndani yake, au ule uliofika ukingoni, maana yake ni diski mpya. Wakati wa kazi hii kalipa isining'inie kwa mpira wake wa breki; ifunge kwa waya kwenye springi. Mpira huo ukunje taratibu ukitafuta nyufa, kisha, kalipa ikisharudishwa mahali pake, mtu akanyage breki huku wewe unautazama kama unavimba.

Unawakumbuka utingo wa malori pale Mtito Andei, namna walivyokuwa wakishuka kabla gari halijasimama sawasawa, wakagonga kila tairi kwa chuma na kuweka kiganja karibu na habu, yaani kitovu cha gurudumu, kuona ipi imepata moto kuliko wenzake? Tuliwacheka, nasi tulikuwa wajinga. Gari likiwa juu ya stendi, wala si juu ya jeki peke yake, shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi au bol jointi (kiungo kinachoshikilia gurudumu) imelegea. Lishike kushoto na kulia. Likicheza huko tu, tazama tairodi, ile fimbo ya usukani. Kisha lizungushe huku mkono mwingine ukiwa umeishika springi: beringi inayoanza kufa utaihisi kwa vidole kama mchanga kabla haijaanza kupiga kelele. La mbele kushoto lichunguze kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa kona nyingi za Brands Hatch ni za kulia na uzito mwingi hulalia huko. Papo hapo angalia buti ya mpira ya jointi ya ekseli. Ikipasuka, grisi yake hurushwa moja kwa moja kwenye diski.

Sasa nati, jambo ambalo hukuliuliza. Katika picha uliyonitumia naona rimu si za kiwandani. Nati za asili za Honda zina kikalio cha mviringo kama mpira, ilhali rimu nyingi za dukani hutaka kikalio chenye umbo la pia, yaani koni. Ukizichanganya zitakaza, na hata mkono utakuambia zimekaza, lakini zinagusa kwenye ukingo mwembamba tu na zitalegea. Toa moja ulinganishe na tundu lake. Zikaze kwa spana ya kupimia mkazo, nyutoni-mita 108, wala si kwa bunduki ya upepo. Kama rimu zimewekewa pete za plastiki za katikati, zile zinazojaza nafasi kati ya rimu na habu, tafuta za aluminiamu za milimita 64.1, kwani plastiki huyeyuka kwa joto la breki.

Kuhusu matairi sina mengi: tazama ubavu wa ndani, soma tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa (2319 ni juma la 23 la mwaka 2019), na vile vipande vya uzito vya balansi vilivyobandikwa kwenye rimu uvifunike kwa tepu imara. Siku yenyewe, mzunguko wa mwisho wa kila zamu ya kuingia uwanjani uuendeshe bila kugusa breki sana, na ukiegesha usivute breki ya mkono, kwani pedi zitabana diski ikiwa ya moto. Acha gari kwenye gia. Nati zikaze tena baada ya zamu ya kwanza, magurudumu yakishapoa.

Nakuomba uandike vipimo vya pedi zote nane, ya ndani na ya nje kila gurudumu, unitumie kabla ya Jumapili ijayo. Tofauti ikizidi milimita mbili mahali popote, usinunue kitu. Ninazo pini na kava zake hapa gereji, na spana ya kupimia mkazo nitaileta mwenyewe. Msalimie mama sana, na umwambie kwamba ile achari imekwisha.

Wako,
Athumani