Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maji ya Matangi Yetu

Ndugu wanachama,

Mambo ya fedha mtayasikia kwa mweka hazina. Mimi nitabaki kwenye maji, maana karibu kila lalamiko lililonifikia mwaka huu lilianzia huko.

Nianze na la kwangu. Tangi langu la naupliasi, yaani vifaranga wa kamba wa baharini waliotoka tu kuanguliwa, lilikwisha kwa usiku mmoja. Tulikuwa tumetia klorini ya kuua bakteria, kisha tukapuliza hewa ili itoke, fundi akayanusa maji, akasema yako sawa. Pua si kipimo. Matone machache ya dawa ya kupimia yangetosha: maji yakigeuka njano, hata njano iliyofifia, klorini ingalipo, unaongeza thaiosalfeti, dawa ya kuiondoa klorini, unasubiri, unapima tena. Tulipopima asubuhi, chupa iligeuka njano mbele ya macho yetu, na vifaranga wametanda chini ya tangi kama unga uliomwagika. Fundi msimlaumu. Mzigo wa naupliasi ulikuwa umeshafika, na aliyesema "mwageni" ni mimi.

Baadhi yetu bado tunatia klorini kwenye maji yasiyochujwa. Tope na uchafu huimaliza dawa kabla haijawagusa bakteria. Chujio la mchanga kwanza, kisha chujio la katriji la maikroni 5, ndipo dawa.

Ubishi mkubwa ulikuwa wa amonia, kemikali itokanayo na uozo ndani ya tangi. Wanachama wawili walipata kipimo kilekile. Mmoja akapoteza zoea, yaani vifaranga wa hatua inayofuata naupliasi, mwingine hakupoteza kitu. Jibu lilikuwa kwenye pH, kipimo cha uasidi wa maji. Ikipanda kutoka 7.8 hadi 8.3, sehemu ya amonia iliyo sumu huongezeka karibu mara tatu, na joto letu la nyuzi 28 hadi 30 nalo huichochea. Kwa hiyo namba ya amonia bila pH na joto pembeni yake, kamati haitaijadili tena. Na kabla ya kulaumu maji ya bahari, tazameni mkono unaolisha: mwani uliokufa na chakula kilichobaki chini ndivyo vinavyooza.

Kuhusu bakteria wanaong'aa gizani, ambao huua vifaranga, zimeni taa usiku mkachungulie kama matangi yanang'aa. Ni bure, na bado wengi hamfanyi.

Vifaa vya kupimia vya chama vinaazimwa kama kawaida. Kifaa cha kupimia chumvi kirudishwe kimesuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi. Cha mwisho kilirudi na ukoko wa chumvi kwenye kioo, na aliyekirudisha anajijua. Daftari za vipimo zifike kwa katibu kabla ya mkutano.