Mpango wa huduma za moyo uhesabu zamu, si mabingwa pekee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo moja kuhusu namna tunavyopanga na kufundisha wataalamu wa huduma za moyo katika ngazi ya kanda. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wagonjwa mahututi, na karibu kila mpango niliowahi kuusoma huanza na swali lile lile: kanda ina madaktari bingwa wa moyo wangapi, na waongezwe hadi wafike wangapi? Swali hilo ni halali, ila likibaki peke yake linapotosha, kwa sababu bingwa hafanyi kazi peke yake, na akikosekana mmoja tu katika timu, kazi nzima husimama.

Niliwahi kumwandaa mama mmoja wa makamo kwa upasuaji wa kubadilisha valvu ya moyo. Alikuwa hajala tangu usiku, kifua kimeshasafishwa, damu ya kumwongezea imeshapimwa na kuwekwa tayari, na daktari wa usingizi ameshaingia chumba cha upasuaji. Saa mbili asubuhi tukaambiwa kuwa mtaalamu anayeendesha mashine ya moyo na mapafu, ile inayosukuma damu na kuitia oksijeni wakati moyo umesimamishwa, anaumwa. Hospitali nzima ilikuwa na mmoja tu. Mama yule akarudishwa wodini akiniuliza kama kuna kosa alilofanya yeye, nami sikuwa na jibu la kumpa. Tangu John Gibbon alipofanikiwa kufanya upasuaji wa moyo kwa kutumia mashine ya namna hiyo huko Philadelphia mwaka 1953, ni wachache nje ya chumba cha upasuaji wanaojua kwamba kuna mtu anayekaa kando yake akiiangalia dakika kwa dakika. Bahati mbaya baadhi ya wasiojua ni wale wanaopanga ikama.

Hesabu yenyewe si ngumu. Wiki ina saa 168, na mtumishi anayefanya kazi saa 40 kwa wiki hawezi kujaza hata robo yake, kwa hiyo nafasi moja isiyotakiwa kubaki wazi usiku na mchana inahitaji watu zaidi ya wanne, na ukiongeza likizo, ugonjwa na mafunzo unafika watano au zaidi. Mgonjwa aliyetoka kufunguliwa kifua anahitaji muuguzi wake mwenyewe katika saa za mwanzo. Anayetaka vitanda sita vya wagonjwa wa aina hiyo anahitaji wauguzi wapatao 30, na akiajiri 12 amepata vitanda viwili, hata kama vilivyonunuliwa ni sita. Shirika la Afya Duniani lina mbinu ya kukokotoa mahitaji ya watumishi kwa kuangalia mzigo halisi wa kazi badala ya uwiano na idadi ya watu, nami sioni sababu ya mbinu hiyo kutotumika kwa wauguzi, wapimaji wa eko ya moyo (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti), waendesha mashine na wahandisi wa vifaa tiba kama inavyotumika kwa madaktari.

Kuna pia suala la muda. Anayeanza shahada ya udaktari leo atahitaji zaidi ya miaka kumi kabla ya kusimama peke yake kama mpasuaji wa moyo, wakati mpimaji wa eko au muuguzi wa wagonjwa mahututi anaweza kuandaliwa ndani ya miaka michache. Hivyo mpango wa miaka mitano unaotegemea mabingwa watakaotoka masomoni unaahidi watu ambao hawatakuwepo. Na hata bingwa anaporudi, mara nyingi hurudi peke yake, akakaa miezi akisubiri timu huku mikono ikipoteza uzoefu. Azimio la Cape Town, la wataalamu wa moyo kuhusu upatikanaji wa upasuaji wa moyo katika nchi zinazoendelea, lililotolewa miaka 50 baada ya upandikizaji wa kwanza wa moyo wa mwaka 1967, lilihimiza mafunzo ya wapasuaji pamoja na wahudumu wengine muhimu. Neno "pamoja" ndilo tunalolisahau. Timu ipelekwe mafunzoni ikiwa timu, irudi ikiwa timu, na upasuaji ukusanywe katika kituo kimoja cha kanda chenye wagonjwa wa kutosha kuuweka ujuzi hai.

Sehemu kubwa ya kazi hii, hata hivyo, iko mbali na kituo hicho. Mtoto aliyeathiriwa na homa ya rumatiki, ambayo hufuata maambukizi ya koo na huweza kuharibu valvu za moyo, anahitaji sindano ya penisilini ya benzathini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Mtu aliyewekewa valvu ya chuma atameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote, na damu yake isipopimwa mara kwa mara, inaweza kuganda au akavuja damu. Mwenye maumivu ya kifua anatakiwa kupimwa umeme wa moyo ndani ya dakika 10 baada ya kufika, na kipimo kikionyesha mshipa wa moyo umeziba kabisa, na haiwezekani kumzibua mshipa huo ndani ya dakika 120 tangu ugonjwa utambuliwe, apewe dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda pale pale alipo. Kazi zote hizi ni za wauguzi na matabibu wa hospitali za wilaya, ambao katika mipango mingi hutengewa semina ya siku mbili.

Kuhusu kuwabakiza wataalamu, mikataba ya kuwalazimisha warudi nimeiona ikisainiwa na nimeiona ikivunjwa. Mpimaji wa eko asiye na muundo wa utumishi wala ngazi ya kupandia ataondoka tu, na leseni yake isipotambuliwa katika nchi jirani, ataondoka kwenda mbali zaidi.

Ninawaomba watakaoandaa mpango ujao wa kanda waambatanishe, kando ya idadi ya mabingwa, jedwali la zamu za kila kada kwa saa 24, likionyesha ni nafasi zipi leo zinashikiliwa na mtu mmoja.

Wako,
Muuguzi, wodi ya wagonjwa mahututi